Mguu wa nyuma wa kushoto

Nungwi, Jumanne usiku

Ndugu yangu Salum,

Assalaamu alaykum. Natumai hujambo wewe na wa nyumbani wote, na mama anaendelea vizuri na goti lake. Sisi huku wazima, alhamdulillahi. Najua nimekaa kimya tangu kabla ya Ramadhani, na mara mbili umepiga simu sikupokea. Niwie radhi, yakhe. Mara ya kwanza nilikuwa nimelala kifudifudi ndani ya chombo cha Mzee Haji, mkono mmoja uko chini ya giaboksi, simu inalia mfukoni na siwezi hata kujigeuza. Mara ya pili vilevile. Shida yenyewe ndiyo hiyo inayonifanya nikuandikie.

Ninaitaka ile spana yetu namba 24, ile fupi tuliyoikata na kuipinda motoni kwa mhunzi. Ulihama nayo. Nimepekua sanduku langu mara tatu, haimo. Kaitafute kwanza, halafu ndiyo uje umalizie barua.

Kisa ni hiki. Mzee Haji ameitoa ile mashine yake ya silinda moja, ile tuliyokuwa tukiisikia kabla chombo hakijaonekana. Amenunua ya silinda tatu, imetumika lakini nzima. Nimeifungua kichwa mwenyewe nikaiona. Mashine haina neno. Neno ni pa kuikalisha. Miguu yake imetanuka kuliko ya ile ya zamani, basi Makame, fundi wa mti, akang'oa kitako cha zamani akaweka magogo mawili mapya ya mbambakofi, akayafunga kwa bolti mpaka kwenye mataruma, zile mbavu za chombo. Kazi safi, maungio yake hayapitishi hata wembe. Lakini alipima miguu ya mashine tu, mkono wa fundi hakuupima. Mimi sikuwepo siku hiyo, nilikuwa Mkokotoni, na hilo linaniuma mpaka leo, maana ningekuja na kigezo cha plaiwudi na uzi kama tulivyofundishwa: uzi unapita katikati ya bomba la shafti ya panga boi, unavutwa mpaka omo, mbele ya chombo, kigezo kinakaa juu ya uzi, halafu unaingiza mkono wako na spana kila upande kabla mti haujapigwa bolti.

Sasa mashine imo. Tuliiteremsha kwa winchi ya mnyororo chini ya ule mwembe, vijana wanne, bila kukwaruza hata rangi. Miguu ya mbele miwili na wa nyuma kulia niliifunga alasiri moja. Uliobaki ni wa nyuma wa kushoto. Huo peke yake nimeulalia siku ya tatu leo.

Nikueleze ulivyo ili uuone. Juu yake kuna giaboksi. Kwa nje kuna taruma, na kati ya taruma na ule mguu panapita vidole vitatu, vyangu, si vyako. Mbele yake kiwiko cha bomba la moshi. Ukitaka kuufikia unalala kifudifudi, kichwa kinaelekea tezi, nyuma ya chombo, shavu linagusa filta ya oili, mkono unapita chini na kurudi juu kama unamtafuta kuku chini ya kitanda. Kuona huoni kitu. Kijana ananishikia tochi na kioo, lakini kwenye kioo kushoto ni kulia na mkono unachanganyikiwa, kwa hiyo mwisho nafumba macho nafanya kwa kupapasa. Bolti mbili za kwenye mti nimezifunga hivyo. Nati ya kwanza ilianguka kwenye ngama, chini kabisa mwa chombo, na ya pili. Ya tatu nikaijazia soketi grisi ili ishike, na washa yake, kile kipete cha chini ya nati, nikaifunga uzi wa kushonea, ikidondoka naivuta kama dagaa. Hapo ikakubali. Uzi nikaukata, kipande kimebaki chini ya washa, sidhani kama kina madhara. Una mawazo gani?

Basi bolti za mti si tatizo tena. Tatizo ni zile nati mbili za juu, za kwenye skrubu ya raba inayobeba mashine, ya chini inayobeba mguu na ya juu inayokaza. Nimeweka kabari chini ya shafti isilale kwa uzito wake, nimekutanisha kaplingi, yaani sahani ya mashine na ya shafti, nimepima nafasi kati yake pande nne kwa fila geji, vile vibati vyembamba vya kupimia. Juu milimita 0.40, chini 0.10, kulia na kushoto 0.25. Nikaizungusha shafti nusu mzunguko nikapima tena, nafasi kubwa ikabaki juu palepale. Kwa hiyo shafti haijapinda, ni mashine inayokaa vibaya. Na sahani ya mashine imesimama juu kidogo kuliko ya shafti, ukucha unakwama ukipitisha. Maana yake nyuma pamepanda.

Kaplingi upana wake ni milimita 100, tofauti ya juu na chini isizidi 0.10, na mimi nina 0.30. Miguu ya mbele na ya nyuma imeachana nusu mita, kwa hiyo nyuma pashuke milimita moja na nusu. Uzi wa zile skrubu ni wa milimita 1.5 kwa kila mzunguko, yaani nati izunguke mara moja kamili tu, bapa zake zote sita, kila bapa robo milimita. Unaona? Mzunguko mmoja! Kulia nimeuhesabu kwa kidole gumba, bapa la kwanza mpaka la sita, dakika mbili nikamaliza, halafu nikaurudisha ulipokuwa kwa sababu siwezi kushusha mguu mmoja nikaipinda mashine. Kushoto nati ya kukaza nimeilegeza kwa ncha ya patasi na nyundo, Mungu anisamehe, lakini kwenye ya chini spana ya urefu kamili haigeuki. Inapiga taruma kabla haijashika bapa la pili. Ile fupi yetu ingegeuka.

Mzee Haji anasema niache. "Miguu mitatu imeshika, huo mmoja utajikalia wenyewe." Namheshimu, ni kama baba yangu, lakini hapo sikubaliani naye na nimemwambia. Wewe ulikuwemo usiku ule nje ya Tumbatu. Unakumbuka ulivyoigusa pakingi, ile inayozuia maji pale shafti inapotokea nje, ukarudisha mkono unaungua? Shafti ilikuwa ikitikisika hivihivi, kidogo tu, watu wakasema itajikalia. Pakingi ikaliwa, maji yakaingia, tukayakumba mpaka alfajiri, na yule mtoto wa watu analia kwenye omo. Siku ile chombo hakikuwa changu wala mashine sikuifunga mimi. Hii nimeifunga mimi. Vijana sita wanakwenda nayo baharini kila jioni, wawili kati yao ni wa dada yangu.

Haraka yake naielewa. Bamvua, maji makubwa, ni Jumatano ya wiki ijayo. Chombo kiko juu kabisa, maji ya kawaida hayakifikii, na tukilikosa hilo ni kungoja karibu wiki mbili nyingine huku watu hawavui. Kusi nalo limeshaanza kushika. Utaniambia kunyoosha kwenyewe hasa ni majini, baada ya siku mbili tatu, mbao zikishalowa na chombo kikakaa umbo lake. Kweli kabisa, na nitapima tena huko, na baada ya saa 50 za kazi nitapima tena kwa sababu raba mpya hulala. Ila huko majini nati ni ileile na taruma ni lilelile. Na unamjua Mzee Haji: chombo kikishaelea jioni hiyohiyo kimekwenda, utanipatia wapi siku mbili za kulala chini ya giaboksi?

Nimefikiria njia mbili nyingine. Moja, kuinua nyuma kwa winchi kidogo, uzito uiachie ile nati, halafu niizungushe kwa vidole. Nimejaribu leo asubuhi: kwa vidole imezunguka bapa moja, ikakwama kwenye kutu ya uzi. Nimeitia mafuta, nimeiacha ilale nayo. Ya pili ni ya Makame, anataka kuchonga tundu kwenye taruma, upana wa kiganja. Moyo wangu unakataa. Taruma lile ndilo lililoshika bolti ya kitako, ukilipunguza pale umelipunguza panapobeba. Lakini yeye ndiye fundi wa mti, mimi ni wa chuma, na amesema ataongeza kipande cha mtondoo kwa nyuma. Sijampa jibu. Nilimwambia nakuuliza wewe kwanza, maana baba yako alichonga vyombo na wewe umekua kwenye vumbi lake.

Nimemwambia Makame pia, kwa upole, kwamba safari nyingine tukae pamoja kabla ya msumeno. Hakuchukia. Kaingiza mkono mwenyewe pale kushoto, kautoa umechubuka mpaka kwenye kifundo, akaangalia lile gogo lake muda mrefu hasemi kitu. Kesho yake kaja na kipimo cha plaiwudi kwa ajili ya mashua nyingine anayoijenga, ananiuliza niweke mkono wapi.

Sasa nijibu, na nijibu upesi. Spana unayo bado, au uliiacha Kigamboni? Kama unayo, unaweza kuituma kwa boti ya asubuhi Alhamisi? Nitakuwa bandarini mwenyewe, nipe jina la mtu tu. Kama imepotea, unakumbuka tuliikata ikabaki sentimita ngapi, na uliipinda kuelekea upande gani? Fundi wa chuma wa hapa anaweza kunitengenezea nyingine usiku mmoja nikimpa vipimo. Taruma likatwe au lisikatwe? Na mama goti limekubali dawa? Asha amerudi skuli? Na wewe mwenyewe unakuja lini, au ndiyo mpaka Mfunguo Tatu?

Nimeacha ile nati imelala na mafuta. Asubuhi naingia tena.

Wako,
Khamis