Barua kwa mwanangu anayekwenda Mwali

Mwanangu,

Assalamu alaikum. Shangazi yako ndiye aliyeniambia kuwa safari ya kisiwa cha Mwali, kule Komoro, si ya ndege tena, mtavuka kwa boti kutoka Chindini, Ngazija, mpaka Hoani, Mwali kwenyewe. Mimi nimejua wa mwisho. Simu sikupigii, maana kwenye simu unaitikia "sawa mama, sawa mama" kisha unakata. Karatasi utaisoma hata ukikasirika.

Kabla hamjapanda, hesabu vichwa. Si wageni wako wanane unaowatembeza tu. Hesabu na wenyeji wanaodandia, na magunia yao. Kisha hesabu majaketi ya kuokolea. Yakipungua hata moja, msivuke. Nalisema hili mwanzo kwa sababu nakujua: likipungua moja utavua lako umpe mgeni. Usivue.

Boti zenyewe ni zile za faiba, kama kwasakwasa wanazovukia watu kutoka kisiwa cha Nzwani kwenda Maore, kisiwa kilicho chini ya Wafaransa. Tangu Wafaransa waweke viza mwaka 1995, njia ile imemeza watu wengi mno. Yenu ni njia nyingine, najua, lakini boti ni hiyo hiyo na bahari ni hiyo hiyo. Na usinijibu habari za ndege. Ile ndogo iliyoanguka karibu na Mwali Februari 2022 ikiwa na watu 14 sijaisahau. Sikwambii upande ndege. Nakwambia ukae na jaketi lako mwilini mpaka uguse mchanga.

Tena mnakwenda mwezi wa nane. Wageni wanataka nyangumi, na nyangumi wanapanda kutoka kwenye maji ya barafu kuja kuzaa huko wakati wa kusi, basi anayemtaka nyangumi lazima aikute bahari imechafuka. Kama wangeridhika na kasa, Itsamia kasa wanapanda kutaga mwaka mzima, mngesubiri matlai bahari ikalala. Lakini mtu keshalipa, ana siku zake kumi, anataka kuona mkia. Sawa. Ila nahodha akiitazama anga mara mbili, usimharakishe kwa ajili ya mtu aliyelipa.

Ngazija msikae sana kwenye maji ya watu. Bibi alikuhadithia mengi ya kwao, hili sidhani kama alilifikia: kisiwa kizima hakina mto. Mvua ikinyesha inazama kwenye mawe ya volkeno, watu wanakinga ya paani na kuyaweka kwenye mabirika makubwa ya kuhifadhia maji. Mlima Karthala ulipotema majivu mwaka 2005 mabirika yalichafuka, maelfu kwa maelfu wakakosa maji ya kunywa. Kwa hiyo wageni wako wakikoga waambie maji yana mwenyewe. Mwali ni afadhali, kule mito ipo.

Mambo ya kasa na matumbawe siwezi kukufundisha. Siku ya harusi ya Nungwi nilitoka nje kupunga upepo, nikakukuta ufukweni unamwambia mzee wa Kizungu aondoe mguu wake juu ya tumbawe. Mtu mzima, mwanamume, na akauondoa, akakuomba na radhi. Nilikuwa nimesimama nyuma ya banda la mapezi na miwani. Sikukwambia. Nilirudi ndani nikala pilau yangu kimya, na mpaka leo nikikumbuka nafurahi peke yangu.

Ya mwiko wa kuogelea tusiyarudie. Baada ya kuzama ile meli ya Spice Islander mwaka 2011, nikiona chumvi kwenye nywele zako nilikuwa sioni nywele. Lakini ungenisikiliza, leo ungekuwa unapanda boti hiyo na kuogelea hujui. Basi.

Na mengine ni hayo ya mgeni. Mimi ndiye niliyekulea ukijua mgeni anapewa kitanda wewe unalala mkekani, mgeni anapakuliwa mnofu wewe unakula mchuzi. Nyumbani ni hivyo na iendelee kuwa hivyo. Kwenye boti hapana. Sikufikiri nikikufundisha kwamba ungeibeba tabia hiyo mpaka baharini.

Jaketi hili nimelinunua Darajani. Rangi yake ya machungwa imepauka kidogo mabegani. Mkanda wa kushoto ulikuwa umelegea, nimeushona mishono mitatu kwa ule uzi wa nailoni wa baba yako, na filimbi nimeifunga juu, karibu na kidevu, uifikie kwa mdomo hata mikono ikiwa imeshika kitu. Jumamosi nilikwenda nalo Kizingo na kaka yako. Nililivaa, nikaingia mpaka maji yakanifika kifuani, nikanyanyua miguu yote miwili. Linaelea. Nilikaa pale muda, kaka yako akaniita mara mbili.

Huku tupo. Bati la jikoni bado linavuja pale pale, fundi amechukua pesa ya misumari hajarudi. Kaka yako anaanza mtihani Jumatatu na anasoma na simu mkononi, akikupigia mkaripie, wewe anakuogopa. Mtungi wa gesi umekwisha, nimerudi kwenye mkaa, usitume pesa, nitanunua mwisho wa mwezi. Mwarobaini wa uani nimeukata tawi lililokuwa linagusa waya.

Mzigo atakuletea kaka yako Ijumaa kabla ya boti ya Dar. Kwenye mfuko wa kifuani wa jaketi kuna tangawizi kavu ya kichefuchefu na shilingi elfu hamsini. Wageni wakitapika, waambie wanunue ya kwao.

Mama yako