Wauguzi tumeachiwa sheria mbili zinazovutana

Kwako Mhariri,

Nimestaafu baada ya kuwa muuguzi kwa miaka thelathini na mmoja, mingi nikiwa katika wadi ya akina mama. Usiku mmoja wa mwaka 2014 tuliletewa msichana wa sekondari anayevuja damu, leso mbili alizofungwa kiunoni zimelowa chapachapa. Kuna mtu mtaani aliyempa kitu anywe ili mimba itoke. Mwenzangu wa zamu akanivuta kando: "Sista, tukimgusa kisha polisi waje, tutasema nini?" Tulimwekea dripu, tukaanza kumtafuta daktari kwa simu. Alifika alfajiri. Msichana alipona, ila kizazi kilitolewa.

Katiba ya Kenya wakati huo ilikuwa na miaka minne. Kifungu cha 26(4) kinakataza utoaji mimba, isipokuwa pale ambapo, kwa maoni ya mtaalamu wa afya aliyefunzwa, panahitajika matibabu ya dharura, au maisha au afya ya mama imo hatarini. Sheria ya Afya ya 2017 ikaja kueleza kwamba muuguzi na mkunga ni miongoni mwa wataalamu hao. Lakini Kanuni ya Adhabu tuliyorithi kwa mkoloni iko pale pale. Kifungu cha 158 kinampa anayetoa mimba kinyume cha sheria hadi miaka 14 gerezani. Cha 159 kinampa mwanamke mwenyewe hadi miaka 7. Kinga ya kifungu cha 240, kwa mimba, inataja upasuaji wa kuokoa maisha ya mama. Afya yake haimo.

Wizara ya Afya ilikuwa imetoa mwongozo wa kupunguza vifo na madhara ya utoaji mimba usio salama mwaka 2012. Desemba 2013 ikauondoa, na mwaka uliofuata waraka wake ukatukataza hata kuhudhuria mafunzo ya utoaji mimba salama. Ndiyo maana usiku ule tulisimama pale mikono imetufa ganzi, sisi tuliosomea kazi hiyo. Mwaka 2019 majaji watano wa Mahakama Kuu waliamua kwamba kuuondoa mwongozo huo kulikuwa kinyume cha sheria. Kwa msichana wetu, miaka mitano ilikuwa imepita.

Mimi ni mtu wa kanisa na sitaki mimba zitolewe ovyo. Lakini Katiba ilimwachia uamuzi mtaalamu aliye mbele ya mgonjwa, akiona damu kwa macho yake. Serikali ina haki ya kudai awe amefunzwa na aandike alichofanya. Haina haki ya kumpokonya uamuzi huo kwa waraka.

Mswada wa afya ya uzazi wa 2019 haukuwa sheria. Basi wabunge waanzie padogo: waongeze ibara moja katika Kanuni ya Adhabu iseme kwamba anayetibu kwa mujibu wa 26(4) hana kosa, wala mgonjwa wake. Wauguzi wachanga hunipigia simu usiku hadi leo, wakiniuliza swali lile lile la mwenzangu.

Muuguzi mstaafu,
Kaunti ya Kwale