Barua ya wazi kwa Katibu Mtendaji wa Bodi ya Filamu: Majuto ameganda mlangoni

Ndugu Katibu Mtendaji,

Habari za kazi. Mimi si msanii wala prodyuza, na sijawahi kuitwa mdau kwenye semina yoyote. Ni mtazamaji tu wa Makorora, Tanga. Picha nimeanza kuziangalia kwenye kibanda umiza, tumebanana kwenye mabenchi, tukiamini kwamba stelingi hafi. Wakati huo picha za nje tulikuwa tunazisikia kwa sauti ya Lufufu, mtafsiri wa picha, na nina hakika nusu ya maneno alikuwa anajitungia. Hiyo nusu ndiyo iliyokuwa tamu.

Nakuandikia kwa sababu ya sidii moja. Sikukuu iliyopita mama mkubwa alitaka kumwona mchekeshaji King Majuto. Kwetu Tanga, Mzee Amri Athumani ni wa nyumbani. Amefariki Agosti 2018, lakini ukitaja jina lake barazani watu wanaanza kucheka kabla hujasema alifanya nini. Nikaitoa sidii kwenye kava lililopauka, lenye stempu ya TRA pembeni, nikaifuta kwa ncha ya khanga kutoka katikati kwenda nje. Deki ikaguguna, ikasoma. Baada ya dakika kumi hivi Majuto akatokea mlangoni, akamtazama kijana aliyekaa ndani, akafungua mdomo ili amjibu. Picha ikaganda, uso wake ukakatikakatika vipande vya miraba.

"Mgandue basi," mama mkubwa akaniambia.

Nikajaribu dawa ya meno, wapi. Nikaenda kwa kijana anayejaza muvi kwenye flashi. Za Kikorea anazo, za Kituruki anazo zimepangwa kwa misimu. Za Majuto alikuwa na vipande vya dakika tatu tatu, tena vimebandikwa nembo ya chaneli ya mtu juu ya kofia ya mzee.

Sisemi picha zile za sidii zilikuwa nzuri zote. Nyingine zilikuwa zinachosha hasa. Gari linapigiwa honi getini, geti linafunguliwa, gari linaingia, geti linafungwa, mtu anashuka, anapanda ngazi, na muda wote huo kinanda kinalia kama msibani. Hadithi ya saa moja inakatwa mbili ili ununue na sehemu ya pili. Jina la picha Kiingereza, watu wanaongea Kiswahili, na maandishi ya chini hayamsaidii Mwingereza wala Mswahili.

Lakini waigizaji tulikuwa nao. Wenzangu wote ni wa Kanumba. Mimi ni wa JB, na kwa hilo tumeshanuniana. JB anaweza kukaa kwenye sofa, akamtazama mtu bila neno, ukajua kwamba nyumba hiyo leo haitalala salama. Kanumba alikuwa na kitu kingine: hakuogopa kutoka. Mwaka 2006 alicheza Dar 2 Lagos pamoja na Mercy Johnson wa Nigeria, wakati wengi wetu Wanaijeria tulikuwa tunawaona kwenye kava tu. Alipofariki tarehe 7 Aprili 2012, akiwa na miaka 28, maziko yake Kinondoni yalifurika watu. Mpwa wangu amezaliwa mwaka huohuo. Anamjua Kanumba kwa jina. Novemba ya mwaka huohuo mchekeshaji Sharo Milionea akapata ajali Muheza, hapa jirani tu, akatutoka. Ule mwendo wake wa kisharobaro utamweleza vipi mtoto ambaye hajauona? Nimejaribu kuuigiza sebuleni, wakanicheka mimi badala ya Sharo.

Sasa, ndugu Katibu Mtendaji, ombi langu. Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza, Na. 4 ya mwaka 1976, inataka picha ikaguliwe na Bodi kabla ya kwenda kwa watu. Maana yake hakuna ofisi nyingine nchini inayopitiwa na picha nyingi kuliko ofisi yako. Mchapishaji wa kitabu anadaiwa nakala ya kuweka maktaba ya taifa. Kwa nini mwenye picha asidaiwe hivyohivyo, nakala moja safi ikabaki, ikatunzwa mahali penye ubaridi? Na kama zipo tayari kwenye makabati, basi tufungulieni mlango, hata siku moja kwa wiki, tuje tukae tuangalie. Benchi tumeshazoea.

Najua mtu atanyanyua mkono aseme haki miliki. Sawa, COSOTA, ofisi ya hakimiliki, ipo, na sisemi mzimwage bure mtandaoni. Tunzeni kwanza, mambo ya kugawa mtakaa myaongee na wenyewe au na warithi wao.

Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, ya mwaka 2021, sina wasiwasi nayo. Picha nzuri mno, Unguja ya riwaya ya Adam Shafi unaiona kabisa, na imeonyeshwa mpaka Toronto. Hata sisi tukiipoteza, watakuwepo wa kutuazima. Ya Majuto nani atatuazima? Iko kwenye maboksi chini ya vitanda vya watu, na panya wanajua ilipo kuliko sisi. Tangazeni tu kwamba mnazikusanya sidii na kanda za zamani. Nyumba mbili tatu za mtaa huu ninazozijua mimi zina maboksi kamili.

Ya kwangu nitaileta mwenyewe. Dakika ya kumi inaganda, lakini nadhani mafundi wenu wana mashine bora kuliko deki yangu, na mama mkubwa bado anasubiri kusikia Majuto alijibu nini.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mpenzi wa picha, Makorora, Tanga