Swali la mfupa liulizwe kabla jino halijang'olewa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niwafikishie wasomaji wa Mtwara na Lindi jambo linalowagharimu wengi. Uamuzi kuhusu mfupa wa taya hufanywa siku jino linapong'olewa, si siku fedha za jino jipya zinapopatikana. Huku kwetu mtu hung'oa jino wakati wa masika kwa kuwa maumivu hayasubiri, kisha pengo analiacha mpaka korosho ziuzwe. Minada ikishafunguliwa, kuanzia Oktoba hivi, anakwenda kutaka jino la kupandikiza, yaani jino bandia linaloshikiliwa na skrubu iliyofungwa ndani ya mfupa wa taya, anapigwa picha, anaambiwa mfupa hautoshi.

Mfupa unaozunguka mzizi hupata sehemu kubwa ya damu yake kupitia nyuzi zinazolishikiza jino kwenye taya. Jino likitoka, nyuzi hizo hutoka nalo. Ukuta wa nje, yaani wa upande wa mdomo na shavu, ambao kwa meno ya mbele ya juu mara nyingi haufiki milimita 1, ndio unaoisha kwanza. Vipimo vya magego vilivyochapishwa mwaka 2003 vilionyesha kuwa upana wa taya hupungua karibu nusu ndani ya miezi 12, na theluthi mbili ya upungufu huo hutokea katika miezi 3 ya mwanzo. Maana yake aliyeng'oa gego Machi, ikifika Juni theluthi hivi ya upana imeshakwenda. Supu ya makongoro haizuii hali hii, wala vidonge vya kalisiamu, kwa sababu chanzo chake si upungufu wa madini mwilini.

Skrubu ya kawaida ya jino la kupandikiza ina kipenyo cha milimita 4 hivi, nayo inataka mfupa usiopungua milimita 1 kila upande, na zaidi kidogo upande wa nje. Taya iliyobaki na milimita 5 haiwezi kuibeba. Kwa magego ya juu kuna shida ya ziada: uwazi wa hewa ulio juu ya taya hushuka, na kimo cha mfupa hupungua kutoka juu na chini kwa pamoja.

Njia ya kupunguza hasara ni kujaza tundu lililoachwa na jino kwa chembe za mfupa siku ile ile. Kazi huanza kwenye kung'oa kwenyewe. Jino lenye mizizi miwili au mitatu hukatwa, kila mzizi ukatolewa peke yake, badala ya kuliyumbayumbisha kwa koleo mpaka ukuta wa mfupa ukavunjika. Kisha nyama yote yenye ugonjwa hukwanguliwa, tundu husafishwa kwa maji ya chumvi ya hospitali, na kuta hupimwa moja moja kwa kifaa chembamba. Chembe za mfupa hulowekwa na kujazwa hadi usawa wa ukingo wa mfupa, zisizidi. Tundu la mzizi mmoja huchukua takriban nusu sentimita ya ujazo, la gego karibu mara mbili. Zisishindiliwe, maana mishipa mipya ya damu hupita katika nafasi zilizo kati ya chembe. Ukizibana, kinachopatikana ni chembe zilizozungukwa na nyama, si mfupa. Juu huwekwa utando wa kolajeni (protini inayounda ngozi na mifupa), fizi hushonwa kwa mshono wa kukingama, na nyuzi hutolewa baada ya siku 7 hadi 14. Skrubu husubiri miezi 4 hadi 6.

Chembe hizo hutoka kwa ng'ombe, kwa binadamu aliyejitolea, au hutengenezwa kiwandani kwa madini. Utando mara nyingi ni wa ng'ombe au wa nguruwe. Katika mikoa yetu yenye Waislamu wengi, mgonjwa ana haki ya kujua kabla ya kuwekewa, na daktari asikae kimya akisubiri kuulizwa.

Nisiwapambie jambo hili. Kujaza tundu hakuzuii upungufu wote. Kwa wastani huokoa milimita 1 hadi 2, ambazo kwa jino la mbele ni nyingi sana. Tundu lenye usaha mwingi huahirishwa kwanza. Kwa gego la mwisho kwa kawaida hakuna haja, na asiye na nia ya kupandikiza jino wala kuwekewa daraja (meno bandia yanayoegemea meno ya jirani) anaweza kubaki na fedha zake, akijua tu kwamba meno ya kuvaa yatalegea kadiri taya inavyopungua na yatahitaji kurekebishwa. Mwenye kisukari kisichodhibitiwa, mvutaji sigara, aliyepigwa mionzi ya taya, na anayetumia dawa za kuimarisha mifupa, waseme mapema.

Ukirudi nyumbani, uma kitambaa cha gozi (shashi) nusu saa. Kwa saa 24 usisukutue wala kutema mate kwa nguvu, na dafu linywewe kwa kikombe, si kwa mrija, kwani mvuto wa mrija hung'oa bonge la damu. Siku ya pili anza maji ya uvuguvugu, nusu kijiko cha chai cha chumvi kwa glasi, yazungushwe taratibu. Korosho na ming'oko visubiri. Ukiona chembe chache mdomoni kama mchanga siku za mwanzo, usiogope. Zikitoka nyingi, au maumivu yakizidi badala ya kupungua kufikia siku ya tatu, rudi.

Kwa wenzangu wa hospitali za Ligula, Sokoine, Ndanda, Nyangao na vituo vya wilayani nina ombi. Hata pale ambapo chembe hazipatikani, ng'oeni kwa kulinda ukuta wa nje, na mwandike kwenye kadi ya mgonjwa tarehe ya kung'oa, namba ya jino, kama ukuta ulibaki mzima au ulivunjika, na kama kuna kipande cha mzizi kilichobaki. Daktari atakayempokea Dar es Salaam miezi kadhaa baadaye ataanzia hapo.

Mtoa huduma ya kinywa na meno,
Mtwara