Barua kwa Somoe, kabla hujaomba Sokoine

Mwanangu Somoe,

Natumai mtihani umeumaliza salama. Huku Nachingwea tu wazima. Bibi yako anakusalimu, na anakumbusha kanga yake. Nyepesi, si kama ile ya mwaka jana.

Baba yako kanieleza umekata shauri: udaktari wa mifugo, Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, Morogoro. Sina kinyongo. Ila kati ya sasa na udahili kuna miezi, hata ukitoa ya mafunzo ya Jeshi la Kujenga Taifa (JKT), na sitaki uimalize kwenye simu. Nimezungumza na afisa mifugo wa kata. Kakubali umfuate.

Utasema chuo hakiulizi hayo, kinaangalia ufaulu wa Kemia na Baiolojia. Ni kweli. Marekani na Uingereza vyuo vingi humtaka mwombaji aonyeshe kuwa ameshafanya kazi na wanyama. Kwetu ni alama. Lakini shahada hiyo ni miaka 5, na kinachokusomesha ni korosho. Kama kazi hii itakushinda, ikushinde sasa.

Utaanzia machinjioni, alfajiri. Afisa anapasua ini kwenye mirija ya nyongo, analibinya, na wanatoka minyoo bapa, wa kijivu, bado wanajikunja. Ini linatupwa. Mwenye ng'ombe anafoka, wachinjaji wanamuunga mkono, na wote wana visu mkononi. Yeye hapandishi sauti. Anamwonyesha mnyoo, anaandika, anahamia kwenye mapafu. Hapo ndipo ninapotaka usimame utazame. Minyoo utaisoma chuoni. Kumwambia mtu mzima kwamba mali yake haifai kuliwa, hilo sijui kama wanafundisha.

Kisha kuna kuku, ambao ndio mifugo ya nyumba nyingi za huku. Chanjo ya mdondo (kideri), ile iitwayo I-2, ni tone moja jichoni, inarudiwa kila baada ya miezi 3, na inabidi mfike kabla banda halijafunguliwa, la sivyo mtashinda mkikimbizana na majogoo. Utakutana na mama atakayeapa kwamba chanjo ndiyo iliyoua kuku wake. Mara nyingi walishaambukizwa kabla, na chanjo haimponyi aliyekwisha ugua. Msikilize kwanza amalize.

Ng'ombe ndio upungufu wako. Wenzako watakaotoka Simiyu na Manyara wamekulia zizini, wewe umekulia chini ya mikorosho. Bahati nzuri, tangu wafugaji walipohamishwa kutoka bonde la Usangu kule Mbeya mwaka 2006 na 2007, wengine wameletwa mkoani kwetu na makundi yao. Afisa akienda kwao, mwombe akupakie kwenye pikipiki. Jifunze kumfunga ng'ombe kamba, kumpima joto, kumpapasa tezi za chini ya sikio. Zikivimba na joto likipanda, watu wanaanza kutaja ndigana kali, ugonjwa unaoletwa na kupe. Ukiwafuata Wasukuma walio kati ya wafugaji hao, salimia wazee kwanza, ng'ombe baadaye.

Sasa makatazo. Sindano usishike. Kijijini kila anayebeba bomba la sindano anaitwa daktari, lakini Sheria ya Veterinari ya 2003 inataka daktari asajiliwe na Baraza la Veterinari, na wewe ndio kwanza umemaliza PCB (Fizikia, Kemia na Baiolojia). Mbuzi au ng'ombe akitupa mimba, usiguse kondo kwa mikono mitupu. Kuna homa inayotoka hapo inayomtesa mtu miezi. Na mbwa akikung'ata au kukuparura, hata kidogo, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha hospitali siku hiyo hiyo. Lindi na Mtwara tulikuwa kwenye mradi mkubwa wa kutokomeza kichaa cha mbwa kuanzia 2010, na bado hakijaisha. Hilo usilifanyie mzaha, tafadhali.

Weka daftari: mnyama gani, mwenyewe alisema nini, afisa aliona nini, dawa gani alitoa, kisha mnyama alipona au alikufa. Hilo la mwisho watu hawalifuatilii. Wewe rudi ukaulize. Akikubali, baadaye tutamwomba akuombee hata siku chache kwenye kituo cha Wakala wa Maabara ya Veterinari pale Mtwara, ukaone damu chini ya hadubini.

Buti za mpira nimekununulia. Nauli nitakutumia kwa simu Ijumaa. Panda basi la asubuhi. La mchana linafika usiku, na bodaboda wa stendi wanajipangia bei.

Mama yako