Kabla Mzee hajafungwa vyuma

Zuhura mpenzi,

Nimesoma ujumbe wako. Alhamdulillahi, Mzee amepata tarehe ya upasuaji. Ila kuna jambo naomba ulisimamie wewe mwenyewe kabla hajafungwa vyuma kiunoni, vile vya kushikilia pingili mpaka ziungane.

Umesema MRI, ile picha ya mashine ya sumaku, imeshapigwa. Hiyo inaonyesha mishipa ya fahamu imebanwa wapi, lakini mtu hupigwa akiwa amelala. Muulize daktari kama amepigwa na eksirei ya kusimama, inayoonyesha uti wote kuanzia shingoni hadi nyonga. Hapo hushushwa mstari wima kutoka pingili ya 7 ya shingo. Ukipita mbele ya ukingo wa nyuma wa sakramu, yaani mfupa ulio chini ya kiuno, kwa zaidi ya sentimita 5, mwili umelalia mbele. Tena mpindo wa kiuno, yaani ule mbonyeo wa asili wa mgongo wa chini, hupimwa pembe yake ilingane na pembe ya nyonga yake mwenyewe, tofauti isizidi nyuzi 10 hivi, ingawa kwa wazee hulegezwa kidogo.

Nakazania hili kwa sababu kama theluthi mbili ya mpindo huo iko kuanzia pingili ya 4 ya kiuno kushuka, na ndiko Mzee anakofungwa. Pingili zikiungana zikiwa zimenyooka, mazoezi ya viungo ninayowapa wagonjwa hayawezi kuzirudisha. Wapo waliowekewa fimbo za Harrington, yaani vyuma vya kunyoosha uti wa mgongo, Marekani tangu miaka ya 1960 ambao kiuno kilinyooka hivyo, wakaja kuinama mbele baadaye. Mgonjwa wa namna hii nikimsimamisha, hukunja magoti ili kifua kisiende mbele. Baada ya muda mfupi mapaja yanatetemeka, anatafuta ukuta wa kuegemea. Na pingili iliyo juu ya vyuma huchakaa mapema.

Halafu ule ugoro wake. Najua atakuwa mkali, lakini nikotini hubana mishipa midogo ya damu, na mfupa usiopata damu ya kutosha hauungi vizuri. Aache sasa, na asiurudie mpaka daktari aridhike kwamba mfupa umeshika. Sukari nayo ishushwe mapema, maana kidonda cha mwenye sukari ya juu hupata usaha kirahisi. Ulizia pia kipimo cha uimara wa mifupa; kwa umri wake skrubu zinaweza kulegea.

Andika maswali haya kwenye karatasi, uingie naye kwa daktari. Ukitoka tu, nipigie, hata kama ni usiku. Mpe Mzee shikamoo yangu.

Wako,
Asha