Mama Eliya, nimeitwa ofisini

Chamwino, Jumapili jioni

Mbukwa Mama Eliya,

Huku wazima, mbuzi wazima, vumbi tu ndilo limezidi. Najua nimekaa kimya tangu msiba wa Mzee wa Chaki, na simu zako mbili niliziona. Usininunie, mtandao wa huku mpaka upande kichuguu. Leo nakuandikia kwa sababu nimeitwa ofisini kwa mwalimu mkuu, na chanzo ni wewe na ile memori kadi yako ya nyimbo.

La tano nina watoto 87. Wiki mbili kwenye Kiingereza naandika "will" ya wakati ujao ubaoni, wananitazama tu. Nikakumbuka ule wimbo wa Queen wa mwaka 1977, "We Will Rock You". Miguu miwili, kofi moja, kimya. Nikawasikilizisha mara moja kwenye simu, basi, hauhitaji hata umeme. Nikawaambia mwimbaji wake, Freddie Mercury, kazaliwa Zanzibar mwaka 1946. Hakuna aliyeamini. Mmoja akauliza kama na taarabu alikuwa anaimba.

Shoga, ungewaona! Watoto waliolelewa kwenye ngoma ya muheme huwafundishi mdundo, wanakufundisha wao. Dakika tano vumbi limepanda, dawati la nyuma silioni. Lakini kilichonifurahisha ni wale wa "wili" na "roki". Wanakwama! Ukibandika irabu mwishoni mwa neno, kofi linakupita. Mwaka mzima nawasahihisha mpaka koo linakauka, kumbe kofi linafanya kazi hiyo bure. Isipokuwa hiyo r. Nusu ya darasa waliimba "lock", yaani watakufungia kwa kufuli. Nikasema hiyo tutaonana nayo wiki ijayo.

Sasa tatizo. Muhula uliopita ni mimi mwenyewe niliyewafundisha kwamba "rock" ni mwamba, ni jiwe. Nikasahau kabisa. Mtoto mmoja kafika nyumbani, babu yake kamtuma akafungie mbuzi, yeye akaanza kukanyaga na kupiga kofi mbele ya mzee. Mzee akauliza, unasemaje wewe? "Tutakupiga mawe, babu. Mwalimu katufundisha."

Asubuhi namkuta ofisini, fimbo katikati ya magoti. Nikamwamkia, nikaeleza kwamba pale maana yake ni kutikisa watu, kuwasisimua. Akanitazama weee, akauliza, "Sasa mnamtikisa nani?" Mwalimu mkuu alikuwa kageukia dirishani, mabega yanacheza. Alipogeuka huku akataka wimbo auone kwenye andalio la somo, safu ya zana, maana Alhamisi anakuja afisa elimu kata.

Ya babu yataisha, nitampelekea sukari. Kinachoninyima usingizi ni zoezi la Ijumaa. Jaza nafasi: "Tomorrow I ____ to the market." Watoto 31 wameandika "will rock". Wengine wakaweka na "you" kabisa! Wimbo umewaingia kama tonge, mzimamzima, kulikata hawajui. Nikajaribu kuwabadilishia kitenzi, tukaimba "will cook", "will dance", wakachangamka, mpaka kijana mmoja akasimama akatangaza "We will eat you" huku ananinyooshea kidole mimi. Kwa sarufi kapata. Lakini hao 31... Na yule mzee, unajua, kauliza swali ambalo darasa zima halikuuliza. Nani anatikiswa? Wao wanaimba tu.

Sasa niambie, wewe hapo mjini maneno unayafundisha kabla ya wimbo au baada? Ukibadilisha kitenzi, unabadilisha siku hiyohiyo au unaacha kwanza kibwagizo kikae? Una wimbo wowote wa wakati uliopita, wa polepole, usio na matusi? Maana zile tatu za mwisho kwenye kadi yako nilizisikiliza peke yangu nikazima mbio, ulikuwa unanitakia nini? Na ile spika ya kuchaji ya Mama Salma, ataniazima mpaka Ijumaa? Mpe dereva wa Noah ya saa nane, nauli ya mzigo nitamlipa huku. Mwambie asiiweke chini ya magunia kama alivyofanya mayai yangu.

Na Eliya, kile kikohozi kimeisha?

Wako,
Mama Tumaini